Kuhamisha kesi ya jinai kati ya mume na mke nchini Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ugomvi wa nyumbani ukishaandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, na kupewa nambari, haumilikiwi tena na wawili walioanza. Serikali imeingia kati. Ndiyo maana wengi hushangaa wanapoambiwa kwamba hawawezi kuchagua mahakama itakayosikiza kesi yao, hata kama wao ndio waliopigwa au ndio wanaoshtakiwa. Majibu haya ni ya sheria ya Kenya, na yanawahusu wote wawili: aliyeshtaki na aliyeshtakiwa.

Mume wangu alinipiga tukiwa Kisumu. Nimerudi kwetu Malindi na watoto. Kwa nini kesi isiletwe Malindi?

Kwa sababu sheria huanzia mahali kosa lilipotendeka. Kifungu cha 71 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 75, kinasema kosa kwa kawaida litasikizwa na mahakama ya eneo ambako lilitendeka, au ambako mshtakiwa alikamatwa au anazuiliwa. Ulikohamia baadaye hakubadilishi hilo.

Hata hivyo mlango haujafungwa. Kifungu cha 81 cha sheria hiyohiyo kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuhamisha kesi ikiwa kufanya hivyo kutawafaa wahusika au mashahidi kwa ujumla. Maneno ya kushika hapo ni "kwa ujumla". Jaji hataangalia safari yako peke yako. Atauliza: jirani aliyesikia mayowe anakaa wapi? Daktari aliyejaza fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, anafanya kazi hospitali gani? Afisa mpelelezi yuko kituo gani? Katika mfano wako wote hao wako Kisumu, na mshtakiwa pia. Kuwasafirisha watu wanne kuja pwani ili mmoja asisafiri ni hoja ngumu kuitetea.

Kwa hali kama yako, mara nyingi ombi la kutoa ushahidi kwa njia ya video lina nafasi nzuri kuliko ombi la kuhamisha kesi nzima. Tangu mwaka 2020 mahakama za Kenya zimezoea kusikiza watu kwa mtandao, na unaweza kumwomba kiongozi wa mashtaka aiombe mahakama ikuruhusu uketi katika mahakama iliyo karibu nawe na kutoa ushahidi kutoka hapo. Ukitoa ushahidi kwa siku moja, umemaliza sehemu yako. Kesi yenyewe inaweza kuendelea Kisumu miezi na miezi bila wewe kukanyaga huko.

Nani hasa ana mamlaka ya kuhamisha kesi?

Inategemea unataka ihamishwe kutoka wapi kwenda wapi.

Ukitaka itoke kwa hakimu mmoja iende kwa hakimu mwingine katika jengo lilelile, hilo ni jambo la kituo. Hakimu anaweza kujiondoa, na mkuu wa kituo akalipeleka faili kwa mwenzake. Ikigundulika kwamba kosa lilitendeka nje ya eneo la mahakama hiyo tangu mwanzo, hakimu mwenyewe anaweza kuelekeza kesi ipelekwe panapostahili.

Ukitaka itoke mji mmoja kwenda mwingine, tuseme kutoka Kilifi kwenda Mombasa, hapo unazungumza na Mahakama Kuu. Sababu ambazo kifungu cha 81 kinazitambua ni tano: kwamba kesi haiwezi kusikizwa kwa haki na bila upendeleo pale ilipo, kwamba kuna swali la kisheria lenye ugumu usio wa kawaida, kwamba mahakama itahitaji kupaona mahali kosa lilipotendeka, kwamba uhamisho utawafaa wahusika au mashahidi kwa ujumla, au kwamba haki yenyewe inadai hivyo. Sababu ya pili na ya tatu huonekana kwa nadra sana katika kesi za wanandoa. Ya kwanza, ya nne na ya tano ndizo zinazopiganiwa.

Kesi inaweza kuhamishiwa mahakama ya ngazi ileile au ya juu zaidi. Haishuki. Na haihamishwi kwa chifu, kwa baraza la wazee wala kwa imamu au mchungaji, hata wote wawili mkikubaliana.

Anayeweza kuomba ni mshtakiwa peke yake?

Hapana. Sheria inasema Mahakama Kuu inaweza kuchukua hatua kwa ripoti ya mahakama ya chini, kwa ombi la mhusika mwenye maslahi katika kesi, au kwa uamuzi wake yenyewe bila kuombwa na mtu. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, mkuu wa viongozi wa mashtaka wote nchini, naye anaweza kuomba.

Mlalamishi ana nafasi yake ya pekee. Kesi ni ya Jamhuri dhidi ya mshtakiwa, na mlalamishi kwa desturi ya kale alikuwa shahidi tu. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya mwaka 2014 ilibadilisha mambo: mwathiriwa ana haki ya kusikizwa, na anaweza kuwakilishwa na wakili. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu, iliyo kileleni mwa mahakama zote nchini, iliithibitisha haki hiyo, lakini ikaweka mpaka: mwathiriwa hageuki kuwa kiongozi wa mashtaka wa pili. Kwa hiyo ukiwa mlalamishi, anza na ofisi ya mashtaka ya eneo lako. Waeleze kwa maandishi kwa nini unataka kesi ihame. Ofisi hiyo ikiomba, ombi huwa na uzito zaidi na halikugharimu wakili. Ikikataa au ikinyamaza, ndipo wakili wako afikirie kuomba kwa jina lako.

Ni mambo gani humfanya jaji akubali kwamba haki haitatendeka?

Kuna uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1980 ambao mawakili wanautaja hadi leo. Ulisema si lazima uthibitishe kwamba hakimu ana upendeleo moyoni. Inatosha kuonyesha kwamba yametokea mambo ambayo, hata kama yana maelezo yake, yanamtia mwombaji hofu ya maana kwamba hatatendewa haki. Uzito uko kwenye neno "ya maana". Hofu iwe ya mtu mwenye akili timamu anayetazama mambo yalivyotokea. Kinyongo cha ndoa hakihesabiwi.

Yafuatayo ni mambo yenye uzito: hakimu kutamka kortini, kabla ya kusikiza ushahidi, maneno yanayoonyesha ameshaamua nani mkosaji, mwenzi wako kuwa mfanyakazi wa mahakama hiyohiyo, au wakili anayesimama mbele ya hakimu huyo kila wiki, mashahidi kutishwa kwenye viunga vya mahakama na kuwe na ripoti ya polisi inayoonyesha hivyo, hakimu kuwa na udugu na mmoja wenu.

Kinachofeli karibu kila mara ni uvumi. "Nimesikia wameshaonana." Nani kakuambia? Lini? Wapi? Kama huwezi kuliandika hilo kwenye hati ya kiapo, yaani maelezo unayoyaapia kuwa ni ya kweli, ukiwa na jina la aliyelisikia, liache nyumbani. Mbaya zaidi, kumshutumu hakimu kwamba kala hongo bila ushahidi wowote kunaweza kukurudia wewe.

Hakimu amenikatalia dhamana, na kila ninachoomba ananikatalia. Huo si upendeleo?

Kwa peke yake, hapana. Hakimu anayekukatalia kwa sababu alizoandika anafanya kazi yake, na kama amekosea dawa ni kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi huo. Watu wengi wameomba kuhamisha kesi ilhali walichohitaji ni kupitiwa kwa masharti ya dhamana. Miezi ikapita, ombi likatupwa, na yule mtu bado yuko rumande.

Ndugu ya mke wangu ni polisi katika kituo kilichonikamata. Naweza kuomba kesi ihamishwe?

Polisi si mahakama. Kama shemeji yako aliandika taarifa za mashahidi, au alikupiga, au alificha ushahidi, hilo ni la kumhoji akiwa kizimbani na la kulipeleka kwa Mamlaka Huru ya Kuangazia Utendakazi wa Polisi, IPOA. Unaweza pia kuiomba ofisi ya mashtaka iagize upelelezi ufanywe na maafisa wa kituo kingine. Mahakama yenyewe itabaki palepale, isipokuwa uonyeshe kwamba ushawishi wake umeingia hadi ndani ya chumba cha mahakama.

Nianze kwa kumwomba hakimu ajiondoe, au niende moja kwa moja Mahakama Kuu?

Kama tatizo ni hakimu mmoja, mwombe ajiondoe kwanza. Fanya hivyo mapema, hadharani kortini, kwa lugha ya heshima, na uhakikishe maneno yako yameandikwa kwenye kumbukumbu za kesi. Akikubali, umemaliza bila gharama, na kesi inabaki karibu na mashahidi wako. Akikataa, atatoa sababu, na sababu hizo zitakuwa sehemu ya ombi lako huko juu. Jaji wa kawaida hupenda kuona kwamba ulipita njia fupi kabla ya kushika ile ndefu.

Kama tatizo ni kituo chote, kwa mfano mwenzi wako ni hakimu au karani pale, hakuna haja ya kupoteza muda. Nenda Mahakama Kuu.

Ombi linaandikwaje?

Ni ombi rasmi la maandishi linalopelekwa katika kituo cha Mahakama Kuu kinachosimamia mahakama yenye kesi. Linaambatana na hati ya kiapo, isipokuwa mwombaji akiwa ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Hati ya kiapo ndiyo moyo wa ombi lote. Humo ndimo unamoeleza mambo uliyoyaona na kuyasikia mwenyewe, kwa tarehe, na kuambatisha vielelezo: nakala ya karatasi ya mashtaka, kumbukumbu za kesi, nambari ya OB ya vitisho, ujumbe wa simu uliochapishwa, barua ya hospitali.

Usiandike historia ya ndoa. Hili linarudiwa na kila wakili na bado halisikiwi. Jaji hahitaji kujua mahari ilikuwa ng'ombe wangapi, nani alimtukana mama mkwe, wala pesa za chama zilikwenda wapi. Anahitaji kujua kwa nini kesi hii, katika mahakama hii, haiwezi kusikizwa sawasawa. Kurasa nne zenye tarehe zinashinda kurasa arobaini za machungu.

Mshtakiwa anayeomba lazima ampe Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma taarifa ya maandishi pamoja na sababu zake, na saa 24 angalau zipite kabla ombi halijasikizwa. Mahakama inaweza pia kumtaka mshtakiwa aweke hati ya kujifunga kwamba akipatikana na hatia atalipa gharama za upande wa mashtaka. Haifanyi hivyo kila siku, ila sheria inaruhusu, kwa hiyo usishtuke.

Siku hizi nyaraka hupelekwa kwa mfumo wa mtandao wa Idara ya Mahakama, ulioanza Nairobi mwaka 2020 na kuenezwa nchi nzima mwaka 2024. Kama huna kompyuta, nenda masijala ya mahakama au saiba iliyo karibu nayo. Wale vijana wa saiba za nje ya korti wanaujua mfumo huo kwa kina, lakini wasikuandikie hati ya kiapo. Kazi yao ni kuipandisha tu.

Nikishapeleka ombi, kesi inasimama?

Haisimami yenyewe. Hili limewaponza wengi: mtu anapeleka ombi Jumatatu, kesi yake ni Alhamisi, anakaa nyumbani akijua "iko Mahakama Kuu". Alhamisi hiyo hakimu anatoa hati ya kumkamata, na mdhamini wake anaitwa aeleze kwa nini asinyang'anywe alichoweka.

Ukitaka kesi isimame, liombe hilo waziwazi ndani ya ombi lako na uambatishe hati ya dharura, inayoeleza kwa nini jambo lako haliwezi kungoja. Mpaka jaji atoe amri, na amri hiyo ifike kwenye faili la hakimu, unaendelea kuhudhuria kila kesi inapotajwa. Beba nakala ya amri mwenyewe. Usitegemee kwamba karani wa juu amempigia simu karani wa chini.

Mashahidi watatu wameshatoa ushahidi. Bado inawezekana?

Inawezekana, lakini mlima umekuwa mrefu. Majaji hawapendi kuhamisha kesi iliyofika katikati, na wana sababu. Kifungu cha 200 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamruhusu hakimu mpya kuendelea na ushahidi uliorekodiwa na mwenzake, lakini mshtakiwa ana haki ya kudai mashahidi waitwe tena, na hakimu mpya lazima amjulishe haki hiyo. Hakimu akisahau kumjulisha, hukumu inaweza kuja kuvunjwa kwenye rufaa.

Fikiria maana yake kwa mwanamke aliyekwisha kusimulia mbele ya watu jinsi alivyovunjwa mkono. Aitwe tena, mji mwingine, mbele ya hakimu mwingine, ahojiwe upya na wakili ambaye sasa ana kumbukumbu za maneno yake ya kwanza na anazitumia kutafuta pale alipotofautiana. Wapo washtakiwa wanaoomba uhamisho kwa kusudi hilohilo: mlalamishi achoke, nauli imshinde, aache kuja. Kwa hiyo jaji huuliza swali ambalo mwombaji hapaswi kulikasirikia: kama jambo hili ulilijua tangu siku ya kwanza, kwa nini unalileta leo, baada ya ushahidi kukuelemea?

Ukiwa na sababu ya kweli iliyojitokeza juzi, ieleze ilijitokezaje. Ukiwa uliijua zamani ukanyamaza, kunyamaza kwako kutahesabiwa.

Kesi ikihama, dhamana yangu inakuwaje?

Amri ya uhamisho kwa kawaida hutaja siku ya kufika mbele ya mahakama mpya. Fika siku hiyo pamoja na mdhamini wako na stakabadhi zako zote za dhamana, ili mahakama mpya ithibitishe kwamba masharti yanaendelea. Faili na vielelezo hupelekwa na mahakama. Kama ulilipa pesa taslimu, stakabadhi ya malipo ihifadhi vizuri, maana utakayerudi kudai pesa mwisho wa kesi ni wewe, na pesa ziliingia kupitia kituo cha kwanza.

Talaka yetu iko kwa Kadhi, na kesi ya kupigwa iko kwa hakimu. Zinaweza kuunganishwa?

Haziwezi. Mahakama ya Kadhi, kwa Ibara ya 170 ya Katiba, ina mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi kwa Waislamu waliokubali kuhukumiwa nayo. Haina mamlaka ya jinai. Hivyo hivyo kwa talaka iliyo mbele ya hakimu chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014, kesi ya mali ya ndoa, au ya malezi iliyo katika Mahakama ya Watoto. Hizo zote ni za madai, na uhamisho wake una sheria nyingine.

Watu huuliza pia kama kesi ya jinai inaweza kusubiri talaka iishe. Kifungu cha 193A cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinajibu waziwazi: kuwepo kwa kesi ya madai kuhusu jambo lilelile si sababu ya kusimamisha kesi ya jinai. Mbili hizo zitakwenda sambamba. Angalia tu usemayo katika moja, kwa sababu yatasomwa katika nyingine.

Alinitumia vitisho kwa WhatsApp akiwa Nairobi, mimi nikiwa Kwale. Kesi ni ya wapi?

Popote kati ya hapo pawili. Kifungu cha 72 kinaruhusu kosa lisikizwe pale tendo lilipofanyika au pale matokeo yake yalipotokea. Kwa kesi ya aina hii huhitaji uhamisho kabisa. Unachohitaji ni kuripoti Kwale mapema, kabla hajafunguliwa faili Nairobi, na kuihifadhi simu yenyewe bila kufuta chochote. Picha ya skrini peke yake ni dhaifu kuliko simu.

Nilimshtaki Mombasa, naye akanishtaki Machakos. Sasa sote ni washtakiwa. Tufanye nini?

Hali hii ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani, na mara nyingi shtaka la pili huzaliwa ili kupambana na la kwanza. Kabla ya kukimbilia uhamisho, wakili wako aandikie ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akiomba mafaili yote mawili yapitiwe pamoja. Ibara ya 157 ya Katiba inamtaka Mkurugenzi azingatie maslahi ya umma, haki, na haja ya kuzuia matumizi mabaya ya sheria. Faili moja likionekana limefunguliwa kwa kulipiza kisasi, anaweza kuiomba mahakama ruhusa ya kuliondoa.

Yote mawili yakibaki, hapo ombi la kuyaleta katika kituo kimoja lina mantiki: wahusika ni walewale, mashahidi huenda ni walewale. Yatasikizwa moja baada ya jingine.

Tumepatana. Mimi ndiye niliyeshtaki, na sitaki tena kesi. Kwa nini haifungwi?

Kwa sababu iliyotajwa mwanzo: kesi si yako peke yako. Lakini zipo njia. Kifungu cha 176 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaruhusu mahakama kuhimiza upatanisho katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi yasiyo mazito. Kifungu cha 204 kinamruhusu mlalamishi kuondoa malalamiko akimridhisha hakimu kwamba ana sababu za kutosha. Na Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuondoa kesi kwa ruhusa ya mahakama.

Hakimu atakuuliza maswali, na ni vizuri akuulize. Umetishwa? Umelipwa? Unaishi naye sasa? Nani kakuleta leo kortini? Wapo wanaoletwa na gari la mshtakiwa mwenyewe, shangazi zake wawili wakiwa wamemkalia kushoto na kulia. Hakimu mzoefu huligundua hilo kabla mtu hajafungua mdomo.

Makosa ya ngono ni habari nyingine kabisa. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, uamuzi wa kusitisha kesi hauko kwa mlalamishi wala kwa wazee, hata familia mbili zikiandikiana makubaliano mbele ya chifu.

Naweza kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mume wangu?

Ndiyo, kwa kesi za aina hii. Kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi kinasema mume au mke anaweza kuitwa na kulazimishwa kutoa ushahidi pale mwenzake anaposhtakiwa kwa jambo lililomdhuru yeye, mali yake au watoto wa mmoja wao, au kwa makosa ya ngono, au kwa kuoa au kuolewa tena kinyume cha sheria.

Naogopa kukaa chumba kimoja naye. Hiyo ni sababu ya kuhamisha?

Ni sababu ya kulindwa, na ulinzi haungojei uhamisho. Mwambie kiongozi wa mashtaka mapema. Mahakama inaweza kumwekea mshtakiwa sharti la dhamana asikukaribie wala kukupigia simu, na akilivunja dhamana inaweza kufutwa. Ibara ya 50 ya Katiba inaruhusu umma na wanahabari waondolewe chumbani pale inapobidi kumlinda shahidi. Ushahidi kwa video nao unasaidia hapa. Kando na kesi ya jinai, Sheria ya Kujikinga na Dhuluma za Kinyumbani ya mwaka 2015 inakuwezesha kuomba amri ya ulinzi, ambayo kuivunja ni kosa.

Vitisho vikiwa vizito, vya kuogofya maisha, ofisi ya mashtaka inaweza kukuelekeza kwa Shirika la Kulinda Mashahidi. Na baadhi ya vituo sasa vina mahakama maalumu za dhuluma za kijinsia. Ya Shanzu, Mombasa, ilizinduliwa mwaka 2022. Uliza kama kosa lako linaangukia huko kabla ya kuandika ombi lolote.

Kama uko hatarini leo, namba 1195 hupigwa bure, usiku na mchana.

Mume wangu anaishi Tanga. Kesi inaweza kuhamishiwa Tanzania?

Hapana. Mahakama Kuu ya Kenya huhamisha kesi ndani ya Kenya tu. Mshtakiwa akivuka Lunga Lunga, kinachofuata ni utaratibu wa kumrudisha kwa sheria za kubadilishana washukiwa. Kinyume chake pia ni kweli: kosa likitendeka Tanga, husikizwa huko.

Kwa wasomaji wa Tanzania Bara: Mahakama Kuu yenu ina mamlaka yanayofanana na haya chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20. Kesi nyingi za wanandoa huko huanzia Mahakama ya Mwanzo, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, inaruhusu kesi kutolewa hapo kwenda Mahakama ya Wilaya wakati wowote kabla ya hukumu, ikiwa uzito wake unadai hivyo au kuna sababu ya kuamini haki itakosekana. Kwa kuwa sheria hizo zimefanyiwa urekebu, yaani zimepangwa na kuchapishwa upya, hakikisha unasoma toleo jipya kabla ya kunukuu nambari ya kifungu. Zanzibar ina sheria zake.

Sina pesa za wakili.

Unaweza kusimama mwenyewe. Lakini ombi la Mahakama Kuu si mahali pazuri pa kujifunzia. Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria ilianzishwa na sheria ya mwaka 2016 kwa ajili ya wasio na uwezo. FIDA Kenya huwasaidia wanawake, na Kituo cha Sheria huwasaidia maskini wa jinsia zote. Wanaume hushindwa kuuliza kwa kudhani misaada hii haiwahusu. Mshtakiwa asiyejiweza naye ana haki ya kuomba.

Ombi langu limekataliwa. Naweza kuomba tena?

Kwa sababu zilezile, hapana. Utaambiwa jambo limeshaamuliwa. Likitokea jipya, ndiyo. Hakimu aliyetuhumiwa naye ataendelea na kesi kama kawaida, na wengi wao hawaweki kinyongo, maana maombi haya wanayaona kila muhula. Rudi mbele yake siku iliyopangwa, kwa wakati, na mashahidi wako.